Siku sita Guangzhou, peke yangu, bila neno la Kichina: nijiandae vipi?

"Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Morogoro. Miaka tisa vitambaa vyangu nanunua Kariakoo. Sasa nimejichanga, nataka kwenda Guangzhou mwenyewe kwa siku sita katikati ya Oktoba, nione soko la vitambaa na nitembee mji kidogo. Naenda peke yangu. Kichina sijui, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Watu wananitisha: eti pesa taslimu hawapokei, WhatsApp haifanyi kazi, mwanamke akitembea peke yake anaibiwa. Mwingine anasema viza haina haja, China siku hizi wanaruhusu siku kumi bure. Rafiki yangu anasema nisipoteze hela ya hoteli, kuna Mtanzania ana chumba mtaa wa Xiaobei. Nilitaka pia nipitie Beijing nione ule Ukuta. Mimi ni Mwislamu, chakula nacho kinanipa hofu. Na kuna mama wa mtaani ameniomba nimpelekee mwanawe kifurushi cha dawa za asili. Nianzie wapi?"

Dada yangu, naanzia kule ulikomalizia wewe. Kifurushi hicho usikibebe. Umekitaja kama jambo dogo la ujirani, lakini katika yote uliyoniandikia, hilo ndilo pekee linaloweza kukufanya usirudi nyumbani.

Mzigo ukiwa ndani ya begi lenye jina lako, mbele ya forodha ya China ni wako. Hakuna atakayekuuliza nani alikupa. Sheria yao ya jinai inasema anayeingiza heroini kuanzia gramu 50 anahukumiwa miaka 15, au maisha, au kifo, na gramu 50 ni kitu kidogo tu cha kushikwa kiganjani. Miraa, ambayo kwetu wengine huiona kama kitu cha kutafuna barazani, kule imo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku. Hata ukijua kwa hakika kwamba ni mizizi na majani tu, mimea na mbegu za kutoka nje zina masharti yake ya karantini na zinaweza kukuweka pembeni uwanjani saa nyingi. Wapo Watanzania waliofungwa Hong Kong na China bara kwa sababu ya dawa za kulevya, na baadhi yao simulizi yao inaanza na begi la mtu mwingine. Mwambie mama huyo, kwa upole na bila kuzungusha, kwamba hubebi mzigo wa mtu. Autume kwa kampuni ya vifurushi, kwa jina lake na kwa maelezo yake mwenyewe. Akinuna, atanuna mwezi mmoja.

Tuje kwenye viza, kwa sababu hapo nako umepewa habari nusu. Huo utaratibu wa siku kumi upo kweli, ni saa 240, lakini ni kwa wasafiri wa kupita njia wanaoelekea nchi ya tatu, tena wenye pasipoti za nchi 55 zilizotajwa. Tanzania haimo, wala Kenya, wala Uganda. Wewe unahitaji viza iliyobandikwa kwenye pasipoti kabla hujakata tiketi isiyorudishwa hela. Ya utalii ni L, ya biashara ni M, na hii ya pili huhitaji barua ya mwaliko kutoka China. Mtu anayekwenda kuangalia soko, kununua vipande vya sampuli na kutembea mji, kwa kawaida huomba L. Ukikusudia kufunga mkataba na kuagiza kontena, sema hivyo ubalozini Dar es Salaam na ufuate watakachokuambia. Usimwachie wakala akujazie safari ambayo si yako, maana utakapoulizwa uwanjani majibu yako na karatasi yako vitagombana. Chukua pia kile kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano.

Tarehe zako nazo zina tatizo ambalo huenda hakuna aliyekuambia. Oktoba mosi ni sikukuu ya taifa lao, na wiki ile ya kwanza nchi nzima inasafiri: treni zimejaa, na maduka mengi ya jumla yamefungwa. Kisha tarehe 15 Oktoba yanaanza yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyopo tangu 1957, ambayo huendelea kwa awamu tatu hadi Novemba 4. Wafanyabiashara wa dunia nzima wanamiminika, na bei za vyumba zinapanda sana. Maonyesho yale ni ya viwanda vinavyouza kwa makontena, wewe hayakusaidii kitu kwa sasa. Kwa hiyo una vidirisha viwili: siku chache zilizobaki kati ya mwisho wa sikukuu na tarehe 14, au baada ya Novemba 5. Ningekuwa wewe ningekwenda Novemba. Joto la Guangzhou, ambalo lina unyevu kama wa Dar ya Machi, linakuwa limepungua, nawe utakuwa unatembea kutwa nzima.

Sasa simu, na hapa naomba univumilie, maana ndipo safari yako itakaposimama au kuanguka.

Watu wanakutisha na wezi. Mimi nimepeleka wafanyabiashara wadogo Guangzhou kwa miaka, na walionipigia wakilia hawakuwa wameibiwa. Simu ilikuwa imezima, au kadi imekataa, au ramani imewapeleka siko. Kule, kitu kimoja kinashika kazi tatu: simu ndiyo pochi, ndiyo ramani, ndiyo mkalimani. Ikianguka, vyote vitatu vinaanguka kwa pamoja.

Kulipa kwanza. Si kweli kwamba pesa taslimu hazipokelewi. Benki Kuu yao inakataza duka kukataa noti. Kweli yake ni kwamba muuza matunda anaweza asiwe na chenji, kwa sababu kwa siku nzima hajashika noti. Wao wanalipana kwa Alipay na WeChat, programu za simu, na wewe hili unalijua tayari: ni kama lipa namba, ila badala ya kuandika tarakimu unaskani mchoro wa QR, au muuzaji anauskani ulio kwenye simu yako. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard. Fanya hivyo ukiwa Morogoro, wala usingoje kufika. Pakua Alipay, piga picha pasipoti yako ili wakuthibitishe, weka kadi. Kisha nenda benki ana kwa ana, uwaambie waifungulie kadi malipo ya nje ya nchi na mtandaoni. Kadi nyingi za kwetu hukataa kwa sababu hiyo tu, wala si kwa kukosa salio. Ukiweza, uwe na kadi mbili za benki mbili tofauti.

Kuna mambo mawili ambayo huwakwamisha wageni. La kwanza ni kwamba benki ikitaka kuhakikisha ni wewe, hutuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya Tanzania. Aliyeing'oa laini yake na kuweka ya Kichina haupati ule ujumbe, na malipo yanakufa. La pili, kadi ya mgeni hulipa duka lililosajiliwa, lakini mara nyingi haiwezi kumtumia hela mtu binafsi. Muuzaji mdogo akikupa mchoro wake wa binafsi, malipo huenda yakagoma, nawe utadhani umefilisika. Hapo unatoa noti. Na malipo yanayozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hukatwa asilimia 3, kwa hiyo ukinunua vitambaa vya maana, taslimu inaweza kuwa nafuu.

Dola zako zibadilishe benki, uwanjani au mjini, uombe noti ndogondogo pia. Wale wanaosimama njiani Xiaobei na kukuita "sister, change money" wapite tu. Mchezo wao ni huu: anakuhesabia noti safi mbele ya macho yako, anazichukua tena akijifanya amekosea, anahesabu upya, na bunda linalorudi mkononi mwako limechanganywa na bandia. Na kumbuka forodha: ukiingia na fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000, unazitangaza.

WhatsApp je? Imefungwa, pamoja na Google, Facebook, Instagram na YouTube. Lakini elewa imefungwa wapi. Intaneti ya ndani ya China hupita kwenye malango machache yanayochujwa. Ukitumia waifai ya hoteli au laini ya Kichina, unapita kwenye chujio. Ukitumia laini yako ya Tanzania kwa romingi, data yako husafirishwa hadi kwa mtandao wako wa nyumbani kwanza, ndipo iingie intanetini, na lile chujio haliioni ndani. Ndiyo maana mtu anakaa chumba kimoja na mwenzake, mmoja anaongea na mumewe Morogoro na mwingine anazungukiwa na kiduara. Waulize mtandao wako bei ya bando la romingi la China, ulinganishe na laini za kielektroniki (eSIM) za wasafiri kama simu yako inazikubali. VPN, yaani programu za kukwepa lile chujio, ninaona watu wakizitumia, lakini zisizo na kibali haziruhusiwi kisheria na hukatika ovyo. Kwa siku sita, romingi inakutosha. Nyumbani waambie mapema kwamba ukikaa kimya nusu siku hujapotea.

Ramani ya Google usiitegemee hata ikifunguka. China hutumia vipimo vyao vya ramani ambavyo vimesogezwa makusudi, kwa hiyo kidoti chako kinaweza kukaa mamia ya mita kutoka pale uliposimama. Pakua Amap, ramani ya simu ya Wachina wenyewe, sasa ina Kiingereza.

Halafu uwe na njia ya karatasi. Mwaka wangu wa kwanza kule simu ilinizimia saa tano usiku nje ya kituo cha Sanyuanli. Mitaani kuna pawabenki za kukodi kila duka, lakini kuikodi unahitaji simu inayowaka. Jina la hoteli nilikuwa nalijua kwa herufi zetu tu, na kila dereva niliyemtamkia alitikisa kichwa. Nilitembea hadi nikapata mlinzi wa jengo aliyenichajia simu kwa dakika ishirini, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki bila lugha ya pamoja. Tangu hapo, mtu wangu akifika hoteli, kitu cha kwanza anaomba kadi ya mapokezi yenye anwani kwa Kichina. Chaja yako nayo itahitaji adapta: umeme ni volti 220 unaotufaa, ila plagi zetu za pini tatu nene haziingii kwenye soketi zao.

Kuhusu chumba cha Xiaobei, rafiki yako anakutakia mema, lakini haijui sheria. Kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli inakufanyia hivyo yenyewe, ndiyo maana wanaskani pasipoti yako. Ukilala nyumbani kwa mtu, kwa kawaida ni wewe na mwenyeji wako kwenda kituoni na mkataba wake wa pango. Kama karatasi zake hazijanyooka, hatakwenda, naye hatakuambia kwa nini. Faini yaweza kufika yuan 2,000, na hiyo inakula akiba yote uliyodhani umeipata. Lala hoteli, tena kabla hujalipa uulize kama wanapokea pasipoti za kigeni, maana nyumba ndogo za wageni nyingine hazijui namna ya kutuandikisha hata kama hazina ruhusa ya kutukataa.

Mtaa wenyewe wa Xiaobei ninakupendekezea kwa mara ya kwanza. Utakuta Waafrika, Waarabu, Waturuki, chakula halali, na mtu wa kumuuliza njia. Nisikufiche upande wa pili: polisi hukagua pasipoti huko kuliko mitaa mingine, kwa hiyo tembea na pasipoti yako halisi, kama sheria inavyotaka. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa mji huu walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli na kulala nje. Hilo lilitokea na limeacha jeraha. Siku hizi mgeni wa muda mfupi hupokelewa vizuri, ila utatazamwa, utapigwa picha, na pengine bibi mmoja ndani ya treni ataushika mtandio wako auangalie. Mara nyingi ni udadisi. Ukikerwa, geuka uende zako.

Ukitua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, mchana, panda treni ya chini ya ardhi, njia namba 3, chini ya yuan 10 hadi mjini. Begi lako litapitishwa kwenye mashine kituoni, kila mara, usishtuke. Ukitua usiku wa manane treni zimelala: fuata foleni rasmi ya teksi nje, na yeyote anayekufuata ndani ya ukumbi akisema "taxi, taxi" usimjibu. Kwa wizi wa mabavu, mwanamke peke yake Guangzhou saa tatu usiku ana amani kuliko Kariakoo saa kumi jioni. Kinachotakiwa ni kujihadhari na ukarimu wa haraka: anayekukaribisha chai au "duka la shangazi yake" dakika tano baada ya kukutana nawe anakupeleka kwenye bili.

Soko lako linaitwa Zhongda, wilaya ya Haizhu, unashukia kituo cha Lujiang, njia namba 8. Jiandae, ni mji ndani ya mji. Jengo moja lina ghorofa baada ya ghorofa za vibanda, na kila kibanda kimetundika vipande vya sampuli kama kanga kwenye kamba, huku nje vijana wa bodaboda za umeme wakipita na majora begani. Kila kitambaa kina bei mbili: ya kukata kidogo na ya kununua jora zima, na tofauti ni kubwa. Uliza pia bei ni ya nini, kwa sababu vitambaa vya kufuma kama fulana huuzwa kwa kilo, vingine kwa mita, vingine kwa yadi. Fundi mmoja niliyekuwa naye alishangilia bei hadi alipojua amesoma kilo akidhani ni mita. Bei utaonyeshwa kwenye kikokotoo, lakini wengine hutumia vidole, na vyao si kama vyetu: kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa pamoja ni nane, si mbili. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Siku ya kwanza usinunue. Omba sampuli, bandika kila moja kwenye daftari pamoja na kadi ya duka, piga picha namba ya kibanda. Siku ya pili rudi na akili iliyolala.

Chakula kisikutie hofu. Tafuta maandishi haya, 清真, mara nyingi kwenye bango la kijani: maana yake ni halali. Karibu kila mtaa una kiduka cha tambi za Lanzhou kinachoendeshwa na Waislamu wa Kichina. Kijana anauvuta unga mbele yako, anaukunja, anauvuta tena hadi unakuwa nyuzi, kisha bakuli la mchuzi wa ng'ombe linakuja linafuka. Kwenye mikahawa mingine kuwa mwangalifu hata na mboga, maana hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe au kuwekewa vipande vidogo. Andika 我不吃猪肉, yaani sili nguruwe, uonyeshe. Maji ya bomba usinywe, chumbani kutakuwa na birika. Vyoo vingi vya umma havina karatasi wala maji ya kutawadhia, tembea na kichupa chako.

Beijing iache. Iko zaidi ya kilomita 2,000 kaskazini, na treni ya mwendo kasi inatumia zaidi ya saa saba. Si kama SGR ya Morogoro kwenda Dodoma. Ukuta utakula siku mbili na hela ya majora kadhaa. Siku hizo zipe Guangzhou yenyewe. Asubuhi moja tembea kisiwa cha Shamian chini ya miti mikubwa. Jioni simama kando ya Mto Pearl uutazame mnara wa mita 600 ukiwaka. Ijumaa nenda msikiti wa Huaisheng, karibu na kituo cha Ximenkou, wenye mnara mweupe wa duara kama wa taa za meli, au Xianxian, palipo na kaburi ambalo Waislamu wa China wanaamini ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawakubaliani juu ya hilo, lakini baada ya swala utasikia Kihausa, Kiarabu, Kiuyghur, na usishangae mtu akikuambia "shikamoo".

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama una presha, kisukari au dawa kali za maumivu, muone daktari wako kabla ya safari akupe barua na dawa zikae kwenye paketi zake. Tramadoli na zenye kodeini zina udhibiti mkali. Kata bima ya safari, kwa sababu hospitali kule hutaka malipo kwanza. Ukitaka kulipa amana kubwa kwa muuzaji, usifanye peke yako siku ya pili mjini, tafuta mkalimani wa kulipwa aketi nawe. Pasipoti ikipotea, nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo upate hati ya upotevu, kisha ubalozi mdogo wa Tanzania, ambao upo hapo hapo Guangzhou, kisha idara yao ya uhamiaji. Inachukua siku, na kukaa hata siku moja baada ya viza kuisha kunaweza kukutoza yuan 500 kwa siku.

Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, uhamiaji 12367 nao wanajibu Kiingereza saa zote. Ziandike kwa kalamu nyuma ya kadi ya hoteli, pamoja na namba ya simu ya ubalozi mdogo na ya ndugu yako mmoja wa Morogoro, na kadi hiyo iweke kwenye pochi, mbali na simu.